Barua Zenu: Mpokeaji wa Futiboli ya Arena na Ukuta wa Futi Nne

Barua za safari hii zinamhusu mtu mmoja: mpokeaji wa pembeni, yaani anayekimbia mbele kudaka pasi, katika futiboli ya arena, ule mchezo wa Kimarekani unaochezwa ndani ya ukumbi, kwenye kiwanja kilichozungushiwa ukuta wenye godoro. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito.

Mimi hutazama NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani ya nje, kila msimu. Rafiki yangu anashikilia kwamba mpokeaji wa arena ni yuleyule wa NFL, ila kiwanja ndicho kidogo. Ni kweli?
*Mkesha wa Jumapili*

Rafiki yako amepatia kuhusu kiwanja, amekosea kuhusu mtu.

Tuanze na vipimo. Kiwanja cha arena kina urefu wa yadi 50 (kama mita 46) badala ya 100, upana wa futi 85 (kama mita 26) badala ya futi 160, na eneo la kufungia lenye kina cha yadi 8 tu. Jim Foster alipata wazo hilo mwaka 1981 akitazama soka la ndani pale Madison Square Garden, akauchora mchezo juu ya bahasha. Alichokuwa nacho mbele ya macho kilikuwa kiwanja cha hoki ya barafu, na mpaka leo vipimo vinafuata umbo hilo. Ligi yake, Arena Football League (AFL), ilianza mwaka 1987 ikiwa na timu nne.

Kila upande una wachezaji wanane. Kwa kawaida wanaoshambulia huwa na senta (anayeanzisha mpira), gadi wawili wa kumlinda kwotabeki, kwotabeki mwenyewe (mrusha pasi), fulbeki mmoja (wa nyuma) na wapokeaji watatu. Kupiga mpira kwa mguu ili kumrudishia mpinzani hakuruhusiwi: una majaribio manne ya kupata yadi 10, ukishindwa unajaribu kupiga golini au unaukabidhi mpira pale pale. Kwa hiyo pasi ndiyo chakula cha kila siku, na mpokeaji anaguswa na mchezo karibu kila jaribio. Kule NFL mpokeaji anaweza kumaliza robo nzima bila mpira kumfikia na asilaumiwe na mtu.

Sasa fikiria timu yako iko katikati ya kiwanja. Mbele yako kuna yadi 25 hadi mstari wa kufungia na 8 nyuma yake. Jumla 33. Yule mpokeaji wa NFL mwenye mbio ndefu, anayemchosha beki kwa yadi 40 halafu akamwacha, hana pa kuzimalizia mbio zake. Na pembeni hakuna mahali pa kukimbilia, kuna ukuta. Kinachobaki ni hatua kumi za kwanza, mikono, na kujua saa. Kwotabeki huachia mpira ndani ya sekunde mbili hivi, mara nyingi kabla hujageuka. Ukichelewa kidogo, mpira unafika mahali ambapo ulipaswa kuwapo.

Shikamoo wahariri. Nina mbio: yadi 40 nazikimbia vizuri kuliko wenzangu wote. Lakini kwenye majaribio ya timu moja ya ndani mabeki walinibana kila mara, na kocha akaniambia «hujui kuja na mwendo». Alimaanisha nini?
*Mwenye mbio*

Marahaba. Alimaanisha kitu ambacho futiboli ya nje haikufundishi, kwa sababu kule ni kosa.

Katika arena, mpokeaji mmoja anaruhusiwa kukimbia *kuelekea mbele* kabla mpira haujaanzishwa. Anaanzia nyuma, anakuja kwa kasi, na mpira ukiachiwa na senta yeye tayari yuko mbioni. Ligi ya IFL (Indoor Football League), ligi nyingine ya ndani iliyoanza kucheza mwaka 2009, huruhusu wawili kwa mpigo. Sharti ni moja: usivuke mstari wa mpambano, ule unaopita pale mpira ulipowekwa, kabla mpira haujaondoka. Ukivuka, timu inarudishwa yadi 5, na kwenye kiwanja cha yadi 50 hizo ni sehemu ya kumi ya dunia yako.

Faida yake unaweza kuipigia hesabu. Mpokeaji anayefika mstarini kwa kasi ya mita 7 kwa sekunde, mbele yake beki aliyesimama yadi 5 (mita 4.6), anamfikia kwa sekunde 0.65 ikiwa beki hatarudi nyuma. Beki hana budi kuanza kurudi mapema, na beki anayerudi nyuma hawezi kuzuia pasi fupi inayopita mbele yake. Ndiyo maana mbio zako za yadi 40 hazikukusaidia: huenda ulianza kila mchezo ukiwa umesimama, ukimpa beki muda wa kukuweka mkono kifuani.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoadhibu. Kwa kasi ya mita 7 kwa sekunde, kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde ni sentimita 70. Kwa hiyo usilenge kuwa juu ya mstari mpira ukitoka. Lenga kuwa yadi moja kamili nyuma yake. Anayelenga nusu yadi hana akiba, na refa wa pembeni kazi yake ni kumtazama yeye tu.

Namna ya kuijenga: chora mstari, weka alama yadi 8 nyuma. Tembea kwanza kutoka kwenye alama hadi mstarini, ukihesabu hatua, mpaka idadi isibadilike. Kisha kimbia kwa asilimia 70 ya nguvu, mara kumi, mtu akiita hesabu za kwotabeki na mwingine akiachia mpira. Ukishindwa kupata hatua zilezile mara nane katika kumi, usiongeze kasi. Ukizipata, nenda nguvu zote, mizunguko 12 hadi 15, mara mbili kwa wiki, mwanzoni mwa mazoezi na si mwishoni. Miguu iliyochoka hujifunza muda wa uongo. Piga video kutoka ubavuni, usawa wa mstari. Video ya mbele haionyeshi kitu.

Kuna makosa matatu tunayoyaona sana. La kwanza ni kupunguza hatua ukikaribia mstari kwa hofu ya kuvuka. Beki anaona, anatulia, na kasi uliyoijenga imepotea; dawa yake ni kuanzia nyuma zaidi, usije ukafunga breki. La pili ni kutazama chini. Mstari unaujua kwa hesabu ya hatua, macho yawe kwa beki: bega lipi liko wazi, uzito uko mguu gani. La tatu ni kuja kwa mwendo uleule kila mara. Beki mzuri akikusoma mara tatu, ya nne anaondoka pamoja nawe. Badilisha: mara nyingine anza taratibu uongeze kasi hatua tatu za mwisho, mara nyingine kimbia sambamba na mstari kisha kata kwenda mbele.

Jambo la mwisho, ambalo wenye mbio hulidharau: kasi yote hiyo lazima uweze kuisimamisha. Ukienda kukata ndani, hatua tatu za mwisho ziwe fupi, nyonga zishuke, mguu wa nje ukanyage bapa. Ukikata ukiwa wima kwa kasi hiyo, unachora mduara mkubwa, na ndani ya mduara huo beki anaingia kuchukua mpira.

Ukuta. Naomba mseme chochote kuhusu ukuta, maana nauota usiku.
*Bega la kushoto*

Ukuta una urefu wa futi 4, yaani unamfikia mtu mzima mbavuni au chini kidogo. Una godoro, lakini nyuma ya godoro kuna mbao au fremu ya hoki, na godoro halizuii kila kitu. Tangu msimu wa 2006 ligi ya AFL iliufanya ukuta wenyewe kuwa mpaka: mchezaji hahesabiwi ametoka mpaka asukumwe ukutani au aanguke kuuvuka. Kwa mpokeaji, hii ina maana kwamba anaweza kukimbia akiusugua na bado yumo mchezoni. Wenye akili huutumia. Beki anayekuja upande wa ndani ana njia moja tu ya kukushika, na ukuta unakulinda upande wa pili.

Wanaoumia mara nyingi ni wale wasiojua uko wapi. Angalia ukuta *kabla* ya mpira kuanzishwa, hesabu hatua, na ukishageuza kichwa kwenda kwenye mpira usiutafute tena kwa macho. Utafute kwa mkono: mkono ulio upande wa ukuta unashuka kidogo, kiwiko kimekunjwa, vidole vinagusa godoro sekunde ya mwisho, kisha unarudi juu kupokea. Mkono ukinyooshwa mbele kujikinga ndio unaovunjika kifundo, au nguvu inapanda hadi begani.

Kama utagonga, gonga kwa upande. Geuza mgongo wa bega na nyonga vipige godoro pamoja, kidevu kifuani, mpira upande wa pili wa mwili. Mambo mawili yasitokee: kugonga kwa ncha ya bega peke yake, ambako ndiko kiungo cha mtulinga huachana, na kugonga ukiwa hewani huku miguu iko juu ya usawa wa nyonga. Hili la pili ndilo linalowarusha watu kwenye viti vya watazamaji. Pasi ya juu karibu na ukuta ipokelewe kwa kuruka wima. Ukiruka kwenda mbele utakwenda na nguvu yako yote mpaka upande wa pili.

Fanya hivi kwa wiki mbili kabla ya kambi: simama mita moja na nusu kutoka ukutani, mwenzako akurushie mpira taratibu kwenye bega la upande wa ukuta, upokee, ugeuke, ugonge kwa upande. Mara ishirini kila bega. Kisha kwa kutembea, kisha kwa nusu kasi. Kasi kamili iachie siku ya mechi. Hakuna sababu ya kutumia mbavu zako mazoezini.

Na wewe unayejiita Bega la kushoto: kama ndilo linalokuuma, na ukibonyeza kileleni mwa bega unasikia maumivu ya ncha au unaona kinundu kimenyanyuka, hilo ni la daktari na picha ya eksirei, si la barafu na kuvumilia.

Zile nyavu kubwa nyuma ya goli zina kazi gani kwa mpokeaji?
*Mdadisi*

Kila upande wa milingoti kuna wavu wenye upana wa futi 30 na kimo cha futi 32, ukining'inia futi 8 juu ya ardhi. Mpira ukigonga wavu bado uko hai. Hata pasi, mpaka iguse chini. Kwotabeki akirusha juu mno, mpira ukadunda kwenye wavu na ukaudaka kabla haujaanguka, ni tachidauni (bao) halali. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya eneo la kufungia ni kutokata tamaa mpira ukikupita: geuka, tazama wavu, weka miguu tayari. Mpira uliopigwa kwa nguvu hurudi mbali, uliorushwa kwa upinde hushuka karibu na wavu. Mabeki nao wanajua hivyo.

IFL haina nyavu hizo. Ukihama ligi, sahau.

Baba mdogo wangu anasema zamani wapokeaji wa arena walikaba pia. Anatutania?
*Mpwa asiyeamini*

Hakutanii, mpe heshima yake. Hadi mwaka 2007, ambapo AFL iliruhusu kubadili wachezaji bila kikomo, wachezaji wengi walicheza pande zote mbili: mpokeaji mmoja aligeuka lainibeka (mlinzi wa nyuma ya mstari wa mbele), mwingine akageuka beki. Kati ya wapokeaji ni mmoja tu, mtaalamu wa mashambulizi, aliyepumzika timu ikipoteza mpira. Barry Wagner alikuwa mpokeaji na lainibeka, akatwaa tuzo ya Ironman of the Year, ya mchezaji bora wa pande zote mbili, mara sita mfululizo kuanzia 1992 hadi 1997. Ligi ilipofikia msimu wa ishirini, mwaka 2006, ilimchagua Eddie Brown wa Albany Firebirds, naye mpokeaji, kuwa mchezaji bora wa historia yake, na Wagner akafuata.

Ujuzi huo bado una bei. Vikosi ni vidogo, na kocha mwenye nafasi moja iliyobaki atamchukua mpokeaji anayeweza kukaba majaribio kumi mtu akiumia. Unapojitambulisha, sema unaweza, lakini uwe unaweza kweli.

Nimepata ahadi ya mkataba. Kila ninayemuuliza kuhusu malipo anacheka. Niambieni ukweli bila kunibembeleza.
*Kalamu mkononi*

Wanacheka kwa sababu. AFL ya zamani, ile iliyokufa baada ya msimu wa 2008, ililipa vizuri, na nyota wake waliishi kwa mchezo peke yake. Iliporudi mwaka 2010, wachezaji wengi walipata dola 400 kwa mechi. Msimu wa 2011 ulikuwa na mechi 18: zidisha, unapata dola 7,200 kabla ya kodi, kwa mtu aliyecheza zote bila kuumia. Mgogoro wa malipo hayo ulifika mahali kwamba Machi 2012 timu ya Pittsburgh Power iliwafukuza wachezaji wake siku ya mechi ya kwanza kwa kutishia mgomo.

Viwango hubadilika kutoka ligi hadi ligi, lakini muundo ni uleule: unalipwa kwa mechi, na si kwa mwezi. Miezi ya kambi huenda ikalipwa kidogo au isilipwe. Timu nyingi hujazia kwa malazi na milo wakati wa msimu. Malazi hayo ndiyo sehemu kubwa ya mshahara wako, na ndiyo wasiyoyaandika vizuri.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, soma vitu hivi au mpe mwanasheria avisome:

Nani analipa, timu au ligi? Hili halikuwa swali la maana mpaka ligi zilipoanza kuanguka. AFL ilifuta msimu wa 2009 ikafilisika. Iliporudi ilidumu hadi 2019 ikafilisika tena. Jina hilo lilipofufuliwa mwaka 2024 na timu 16, kadhaa zilikufa ndani ya wiki za kwanza. Ligi ya sasa yenye nyavu, Arena Football One, ilianza 2025. Mmiliki akiishiwa fedha wiki ya tatu, unamdai nani?

Unalipwa nini usipovaa jezi? Mkataba hutenganisha mchezaji aliye kwenye orodha ya mechi na aliye nje yake. Ukiona kiasi kimoja tu, uliza kuhusu cha pili.

Ukiumia, ni nani anayelipa hospitali na kwa muda gani? Katika majimbo mengi ya Marekani mwajiri hukatia wafanyakazi bima ya ajali kazini, lakini si wanamichezo wote wanaofunikwa: sheria ya Florida, kwa mfano, huwaondoa wanamichezo wa kulipwa. Kama timu iko huko, fidia yako iko kwenye mkataba au haipo kabisa.

Ukikatwa, una siku ngapi za kuondoka kwenye nyumba, na tiketi ya kurudi ni ya nani? Tiketi ikiandikwa «timu itasaidia usafiri», hiyo si tiketi. Iandikwe «timu italipa».

Na je, ukipata nafasi NFL au Kanada, unaachiwa bila ada? Kifungu hiki timu nyingi hukubali kwa urahisi, maana kinawatangaza nao. Kiombe hata kama unaona aibu.

Kazi nyingine utaihitaji. Msimu hushika majira ya kuchipua na kiangazi, kwa hiyo wengi hufundisha mazoezi ya viungo, huwa makocha wa shule za sekondari kuanzia Agosti, au hufanya kazi yenye zamu za usiku. Chagua kazi ambayo bosi wake anaelewa kwamba Ijumaa utakuwa kwenye basi. Bosi akikataa hilo mwanzoni, usitegemee atabadilika msimu ukianza.

Nitakwenda majaribio ya wazi. Nibebe nini, nitarajie nini?
*Wa zamu ya kwanza*

Beba viatu vya aina mbili, na acha njumu ndefu nyumbani. Zulia la arena ni jembamba na hutandikwa juu ya zege au mbao zilizofunika barafu. Njumu ndefu haizami, inateleza, au inanasa mguu ukabaki nyuma huku goti limegeuka. Viatu vya nyasi bandia vyenye vinundu vifupi vingi ndivyo vyenyewe. Beba glavu mbili, taulo, maji yako, na chakula chepesi, kwa sababu utasubiri saa nyingi ukimbie dakika chache. Ada ya kushiriki hutozwa mara nyingi. Ikiwa kubwa mno, au waandaaji hawasemi timu gani itakuwapo, kaa nyumbani.

Utapimwa mbio za yadi 40, mbio za kugeuka za 5-10-5 (yadi 5, kisha 10, kisha 5), na mbio za kuzunguka koni tatu, kisha njia za kupokea bila beki, kisha mmoja kwa mmoja. Makocha wa ndani huangalia yadi 10 za kwanza za ile 40, na huangalia zaidi zile koni. Kwenye kupokea bila beki hakuna sifa kwa kudaka, kuna aibu kwa kuangusha: kila mtu anadaka. Wanachotazama ni kama unageuka kwa kina ulichoambiwa. Njia ya yadi 5 iwe 5. Ukigeuka kwenye 7 ili uonekane wazi, kocha anaona pasi iliyonaswa na beki.

Mmoja kwa mmoja ndipo watu huajiriwa. Ukiruhusiwa kuja na mwendo, tumia yale tuliyomjibu Mwenye mbio hapo juu. Usipoteze zamu zako tatu kwa pasi ndefu tatu. Anza na njia fupi ya kukata ndani, uonyeshe mikono. Ya pili onyesha ileile kisha vunja kwenda kona.

Video iwe dakika tatu hadi tano, michezo bora mwanzoni, alama ikuonyeshe wewe ni yupi kabla mpira haujatoka. Weka na mechi moja nzima, maana kocha makini ataiomba. Muziki ondoa.

Je, mpokeaji wa arena anaweza kufika NFL, au hizo ni hadithi za Kurt Warner?
*Mwenye shaka*

Warner alikuwa kwotabeki wa Iowa Barnstormers, timu ya arena, kuanzia 1995 hadi 1997 kabla ya kwenda NFL, na ndiye anayetajwa kila mara. Wapokeaji nao wapo. David Patten alicheza Albany Firebirds mwaka 1996, akaingia NFL, na alikuwa katika New England Patriots iliyotwaa Super Bowl (fainali ya NFL) tatu. Katika ile ya kwanza, XXXVI, alidaka pasi ya yadi 8 ya tachidauni kwenye kona ya eneo la kufungia: nafasi finyu, kama ile ya kando ya ukuta. Oronde Gadsden alitoka Portland Forest Dragons kwenda Miami Dolphins mwaka 1998. Rashied Davis wa San Jose SaberCats ndiye mfano tunaoupenda zaidi: Chicago Bears walimchukua mwaka 2005 kama beki, kwa sababu arena ilimlazimisha kukaba, kisha mwaka uliofuata wakamrudisha kwenye upokeaji.

Ni wachache. Wanaopita huwa na mambo mawili: wanaweza kurudisha mipira ya mateke, na hawajazoea mno kuja na mwendo. Hili la pili ni mtego. Misimu mitatu ya kuanza ukiwa mbioni hukusahaulisha namna ya kujinasua ukiwa umesimama na mikono ya beki iko kifuani. Kama ndoto yako iko nje, kila wiki fanya mizunguko 20 ya kuanzia pasipo mwendo.

Mimi ni mama. Mwanangu amegonga kichwa mazoezini, anasema yuko sawa na mechi ni keshokutwa. Nimwache?
*Mama mwenye wasiwasi*

Hapana, mama, usimwache acheze. Aliyegongwa akaona nyota, akachanganyikiwa, akasahau mchezo uliopita au kuumwa kichwa, hatakiwi kurudi uwanjani siku ileile, na keshokutwa ni mapema mno. Kurudi kuna hatua sita, kila moja si chini ya saa 24: shughuli za kawaida za kila siku, mazoezi mepesi kama kutembea haraka au baiskeli, mbio za mchezo wake bila kugusana, mazoezi kamili bila kugusana, mazoezi ya kugusana baada ya daktari kuruhusu, kisha mechi. Dalili zikirudi kwenye hatua yoyote, anarudi hatua moja nyuma. Pigia mahesabu: hata akipona kesho, ni karibu wiki.

Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiongea kwa kukokota, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata degedege au mkono ukilegea, usisubiri daktari wa timu. Mpeleke hospitali ya dharura saa hiyohiyo.

Na neno lake kwamba «yuko sawa» lisikutulize. Mchezaji anayelipwa kwa mechi ana sababu ya dola mia kadhaa ya kusema hivyo.

Siishi Marekani. Timu inasema nije kwa viza ya utalii, «mambo mengine baadaye». Niende?
*Begi tayari*

Usiende. Viza ya utalii haikuruhusu kucheza kwa malipo, na atakayekamatwa ni wewe. Timu ndiyo inayopaswa kupeleka ombi lako kwa idara ya uhamiaji kabla hujasafiri. Wanamichezo wengi huingia kwa viza ya kundi la P-1. Timu isiyojua hilo, au inayojifanya haijui, fikiria itakavyokuwa siku ya malipo.

Glavu au mikono mitupu?
*Msomaji wa mwisho*

Glavu. Ndani hakuna mvua wala upepo, lakini kuna joto na jasho, na zulia hutoa nyuzinyuzi zinazoziba utando wa kunasa. Futa viganja kwa kitambaa chenye maji kidogo kila mnapotoka kiwanjani, kausha hewani, usizitie kwenye begi zikiwa mbichi. Utando ukianza kung'aa umekwisha, hata kama mishono ni mizima. Mpya zivae mazoezini angalau mara mbili kabla ya mechi, maana mpira hunasa mapema kuliko ulivyozoea na vidole hufunga kabla ya wakati.